Fundi Mmoja Tu wa Mtaani

Mama Mkubwa, nisaidie, maana nimebakiwa na siku kumi na mbili na suti mbili, na moja kati ya hizo itaniharibia maisha, ila sijui ni ipi.

Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi, gazeti likifika kliniki limeshachanwa ukurasa wa michezo mimi sijali mradi ukurasa wako umo, na sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nami nitakaa nikuandikie, maana mimi ni daktari, watu ndio huja kwangu na shida zao, lakini hili limenizidi kimo na hakuna mtu nyumbani wa kumwambia, kwa sababu mtu wa nyumbani ndiye huyo huyo ninayetaka kukueleza habari zake.

Nina miaka saba nawaona wagonjwa wa nje katika hospitali ndogo, kikohozi, homa, mgongo, kikohozi, na muda wote huo nimetaka kitu kimoja tu, kusomea ubingwa wa usingizi, yaani kuwa yule daktari anayekupa nusukaputi kabla hujapasuliwa, anakaa kichwani kwako akihesabu pumzi zako, kisha anakurudisha. Mjomba wangu nilipomwambia alisema, "Bingwa wa usingizi? Wewe? Mbona ulishafuzu ukiwa kidato cha pili," na ukoo mzima ukacheka, nami nikacheka, lakini nakwambia ndiyo kazi ninayoitaka kuliko kuolewa. Nafasi ni chache, anayezigawa ni jopo la hospitali kuu, na ukivuka miaka thelathini na mitano hawakupokei. Mimi naivuka mwezi wa kumi. Kwa hiyo usaili huu wa Alhamisi, si hii inayokuja bali inayofuata, ndio wa mwisho, nikikosa nitaandika dawa za kikohozi mpaka nistaafu.

Sasa suti. Mama yangu ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele ndicho duka lake, ukifungua mlango wa barabarani unakutana na cherehani mbili, meza ya kukatia na kigoda kipana anachowapandisha wateja akitaka kupima pindo, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake kubwa imekuwa kushona sare za wahudumu wa hospitali kuu hiyo hiyo, wale wanaopiga deki, kusukuma vitanda na kuchemsha chai. Ni kitambaa cha kijivu, kizito, kizuri kweli. Nilisomeshwa na kijivu hicho, sikatai. Na tangu nipate shahada hakuna aliyemwita mama kwa jina lake tena, mtaa mzima ni Mama Daktari, akamwita mchoraji akamwandikia juu ya mlango MAMA DAKTARI USHONAJI, ile I ya mwisho ikakosa nafasi ikabanwa pembeni ikawa nyembamba, mama akasema iache, mwaka huu tumekonda sote.

Mwaka jana nilipoitwa kwenye usaili wa kwanza mama alisema hakuna kununua suti dukani wakati yeye yu hai, akafungua kabati akatoa kipande alichokihifadhi kutoka kwenye jora, kijivu kile kile, akakipiga kofi mezani akasema, "Hiki hakikunji uso. Utakaa nacho kutwa nzima na utatoka nacho kama ulivyoingia." Nililijua tatizo, Mama Mkubwa, nililiona siku ile ile, lakini nikajiambia mshono wa suti si mshono wa sare, kuna kola, kuna bitana, kuna vifungo vya mfupa, mtu mwenye macho ataona tofauti. Akashona siku tisa.

Siku yenyewe alisisitiza kunisindikiza, amebeba mkoba wenye sindano na uzi kwa sababu kifungo kikikatika nani atakishona, akakaa kwenye benchi la ukumbini hatua tatu kutoka mlango wa jopo. Jina langu likaitwa, nikafungua mlango, nikawaona watu wanne nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao, profesa mwenye miwani ya mnyororo, akanitupia jicho mara moja akarudi kwenye karatasi zake akasema, "Dada, maji yamekwisha. Na hizi glasi hazikuoshwa."

Nikachukua jagi. Nimejiuliza mwaka mzima kwa nini na jibu ninalo, ni kwamba niliona nikimsahihisha profesa kabla sijakaa nimekwisha, basi nikachukua jagi, nikaweka glasi kwenye sinia, nikatoka, nikampita mama akiwa ananitazama na lile sinia, sikumwangalia, nikaenda kwenye sinki la mwisho wa ukumbi nikasuuza glasi nne, nikajaza, nikarudi, mikono yote imeshika sinia kwa hiyo mlango nikausukuma kwa kiwiko na sikuweza kuufunga, nikawamiminia mmoja mmoja, kisha nikakaa kwenye kile kiti kilichowekwa peke yake katikati ya chumba. Wakatazamana. Profesa akasema, "Kumbe wewe ndiye namba nne?" Na daktari mmoja mwanamke aliyekuwa pembeni yake akaziba mdomo akasema, "Tusamehe, daktari, ni hiyo nguo, umefanana na wahudumu wetu kabisa. Nani amekushonea hivyo?" Nikasema ni fundi mmoja tu wa mtaani, nilikuwa na haraka. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Baada ya hapo nilivurugika. Waliniuliza kipimo cha dawa ya usingizi kwa mtoto wa kilo kumi na mbili, kitu ambacho hata ukinigongea mlango bafuni nitakujibu bila kufunga maji, nami nikataja cha mtu mzima. Profesa akaandika kitu akakipigia mstari. Nilipotoka mama alisimama, akaniondolea uzi begani, akasema, "Twende." Njia nzima hakuuliza kitu. Barua ilipokuja kusema nafasi zimejaa hakuuliza pia.

Lakini kuanzia asubuhi iliyofuata usaili ule, Mama Mkubwa, mama yangu amekuwa mtu mwingine. Mteja akipita akasema hujambo Mama Daktari, anajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Hapa hakuna Mama Daktari. Hapa kuna fundi mmoja wa mtaani." Chakula kikiwa tayari anasimama mlangoni kwangu anasema, "Fundi wa mtaani anauliza kama utakula." Nikiumwa, "Fundi wa mtaani amekuwekea maji ya moto." Jumapili moja alipanda juu ya kigoda chake na kopo la rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka choo, akafuta lile bango lote, mpaka ile I nyembamba. Mwaka mzima sasa. Nilingoja apoe, nikasema moyoni ni hasira za mama zitapita, nami kusema kweli nilikuwa na hasira zangu, maana aliyenivalisha sare ya wahudumu nikaenda kuombwa maji ni nani kama si yeye?

Sasa nimeitwa tena. Wifi yangu, mke wa kaka, anayefanya kazi ofisi ambayo kila mtu huvaa suti, ameniletea suti nyeusi ya dukani yenye lebo ya maana, amenionya kabisa, "Safari hii usivae vitu vya nyumbani, utaaibika mara ya pili." Mabega yake yananizidi kidogo na mikono inafika kwenye vidole, lakini ni suti ambayo ukiingia nayo mtu anaona suti. Nikaitundika kabatini.

Siku ya tatu narudi kutoka kazini nakuta suti ya pili imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa chumba changu. Haina maelezo, haina karatasi. Buluu iliyoiva karibu na nyeusi, bitana ya hariri, kola imelala kama imepigwa pasi na malaika. Nikaenda chumba cha mbele nikasema, "Mama, suti nimeiona." Akasema, "Suti gani?" Nikasema ile ya mlangoni kwangu. Akasema, "Aa, hiyo. Kuna fundi mmoja wa mtaani kaiacha," akaendelea kukanyaga cherehani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hajaimaliza. Pindo la sketi hajalishona, amelipiga bandi tu, zile hatua ndefu za kushikizia, kwa uzi mweupe unaoonekana kutoka barabarani, na mikono ya koti vivyo hivyo. Mtu anayemshonea mhudumu asiyemjua kwa jina na kumkabidhi sare imekamilika hadi kifungo cha akiba, mimi mtoto wake ananipa nguo nusu. Nimeona ni dharau, kama kuniambia malizia mwenyewe wewe uliyesoma. Nimefikiri niichukue kimyakimya nimpelekee fundi mwingine mtaa wa pili anishonee pindo, niivae, yaishe. Halafu nikafikiri hapana, nivae ya wifi, angalau haina historia. Halafu nafikiri nikitoka asubuhi ile nimevaa nyeusi nampitaje pale mbele, maana nyumba yetu haina mlango mwingine.

Mama Mkubwa, wewe umeona mengi. Sikuombi uniliwaze. Niambie tu nivae ipi.

Ni mimi, Mwenye Suti Mbili.

*

Mwenye Suti Mbili, mwanangu,

Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu, kwa hiyo wale waliotangulia wanisamehe, waume zao watakuwepo hata wiki ijayo. Leo ni Jumamosi, usaili ni Alhamisi, una siku tano na hatuna muda wa kubembelezana.

Tuanze na watu wa jopo, maana hao nao wana sehemu yao na sitaki uondoke ukidhani nimewasahau. Watu wanne waliosoma mpaka macho yakahitaji mnyororo, hakuna hata mmoja aliyeweza kunyanyuka na jagi hatua ishirini. Wakaona rangi ya nguo wakaona maji. Kisha walipogundua wamemtuma daktari, wakacheka, na yule mwanamke mwenzako akakuomba radhi kwa kukutukana mara ya pili: kwamba kosa ni kufanana na wahudumu. Ningekuwa na anwani yake ningemwandikia yeye badala yako.

Lakini na wewe hebu nijibu. Huyo mhudumu wa kliniki kwako, anayefika kabla yako na kufuta meza yako, unamwitaje? Kama unamwita "dada" bila kujua jina lake wala ana watoto wangapi, basi wewe na profesa mmesoma shule moja, ila yeye amekutangulia madarasa. Ulichoumia siku ile si kuombwa maji. Umeumia kuonekana ni mtu wa kuombwa maji. Kuna wanawake wanalijibu hilo "dada, maji" kila siku ya kazi, nao wamevaa nguo iliyoshonwa na mama yako.

Kuhusu kulichukua jagi, sikulaumu. Nusu ya wanaosoma ukurasa huu wangelichukua, na nusu nyingine wanadanganya.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe, na ukae vizuri. Umeniandikia kurasa nne kwa mwandiko wa kidaktari uliotaka kunipofusha. Kijivu kimepata ukurasa mzima. Jopo limepata ukurasa. Bandi umeilalamikia mistari kumi. Lakini yale maneno yako mwenyewe, "ni fundi mmoja tu wa mtaani, nilikuwa na haraka," umeyapitisha katikati ya sentensi mbili kama mtu anayepitisha mfuko mlangoni mwa mlinzi. Nimeyaona. Na mlango ulikuwa wazi, umesema mwenyewe, na benchi lilikuwa hatua tatu. Mwanamke amekaa pale na sindano yake kwa ajili ya kifungo chako. Ameshakuona ukipita na sinia la glasi ndani ya nguo aliyoishona siku tisa, tayari anajua amekosea kitambaa. Ndipo akasikia hilo "tu" lako. Siku tisa zikawa haraka. Miaka kumi na tisa ikawa mtaani. Halafu akakusikia unacheka.

Usiniambie suti ndiyo iliyokufelisha. Kitambaa hakikukufanya utaje kipimo cha mtu mzima kwa mtoto wa kilo kumi na mbili. Uliketi pale umemkana mama yako dakika moja iliyopita, akili ikawa ukumbini, na kinywa kikasema kilichosema. Na Mungu ashukuriwe yule mtoto alikuwa wa kwenye swali.

Mama yako naye simwachi. Kwa safu hii mimi ni dada yake mkubwa, na ana ulimi unaokata vizuri kuliko mkasi wake. Kumfungulia mtoto kila mlo kwa "fundi wa mtaani" mwaka mzima ni ukatili wa taratibu, na kufuta bango zima ni kujikata mkono ili jirani aone damu. Mdogo wangu, kama gazeti hili litafika kwako limefungia vifungo vya mtu, soma hapa: inatosha. Tena ulikosea rangi na ulijua umekosea, na sehemu ya hasira hizo umejikasirikia wewe mwenyewe.

Lakini kati yenu wawili, kuna mmoja ameshapiga hatua, na si wewe.

Unaniuliza kama bandi ile ni dharau. Mwanangu, umekulia ndani ya duka la fundi ukiangalia vitabu vyako tu, hukuwahi kuangalia mikono ya mama yako. Mimi niliolewa na fundi wa suti za kiume kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nitakufundisha bure. Pindo halishonwi mpaka mwenye nguo asimame mbele ya fundi, amevaa nguo, amevaa viatu vile vile atakavyovivaa siku yenyewe. Ndiyo maana kuna kigoda. Ukishona pindo bila mtu, umeshona sare, na sare ni ya yeyote. Suti ni ya mtu mmoja, na mtu huyo lazima aje. Na uzi mweupe kwenye kitambaa cha buluu iliyoiva haupigwi kwa kukosa uzi wa kufanana, fundi wa miaka hiyo yote hakosi uzi. Unapigwa uonekane. Unasema, bado, njoo. Hukukabidhiwa nguo nusu. Umeitwa kupimwa, umeitwa kwa lugha pekee iliyobaki kwenye nyumba hiyo, na wewe unataka kuipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Ukifanya hivyo, nakwambia leo, usiniandikie tena. Andikia ukurasa wa michezo.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mume wangu aligombana na mdogo wake, shemeji yangu, kwa neno lililosemwa mbele ya watu, na wala halikuwa kubwa kuliko lako. Mwaka wa pili wa kununiana mume wangu akamkatia koti. Akalishona, akalitia bitana, akapiga bandi mikono na pindo, akalitundika dukani mahali ambapo shemeji akipita barabarani ni lazima alione. Shemeji alipita. Aliliona, aliniambia baadaye aliliona kila siku, akadhani ni la mteja. Alikuja nyumbani kwetu siku ya mazishi ya kaka yake na koti la dukani, mabega yanamzidi. Lile lingine liko kabatini kwangu mpaka leo na nyuzi zake nyeupe. Nimeshindwa kulimaliza kwa sababu si mimi niliyekuwa nangojewa, na siwezi kumpa mtu kwa sababu halijaisha.

Kwa hiyo usiniulize nivae ipi kama mtu anayechagua nyanya. Sikiliza utakachofanya.

Suti ya wifi ikunje, umrudishie, na umwambie asante bila kuongeza neno juu yake. Amekujali kadiri anavyojua, ingawa ulimi wake nao ungepigwa bandi kidogo.

Leo mchana, wateja wakishapungua, vaa ile buluu. Vaa na viatu vya Alhamisi, usiende na kandambili ukampima mtu vibaya. Nenda chumba cha mbele, panda juu ya kigoda, simama, nyamaza. Usiseme "Mama, kama nilikukosea," hiyo "kama" iache huku huku chumbani. Atakutazama. Huenda akakwambia fundi wa mtaani ana kazi nyingi leo. Usishuke. Mteja aliyepanda kigoda hashuki mpaka amepimwa, na mdogo wangu anaijua kazi yake kuliko anavyojua kununa. Atachukua chaki, atachukua pini, atapiga magoti.

Fundi anapopima pindo huweka pini mdomoni, tano au sita, katikati ya midomo. Wakati huo hawezi kukujibu hata neno moja, hata lile unaloliogopa. Ngoja mpaka ziwe mdomoni. Kisha mwambie. Rudia maneno yako yote kama yalivyotoka siku ile, pamoja na lile "tu," pamoja na lile la haraka, na kwamba ulicheka. Mwambie ulijua mlango u wazi. Mwambie zilikuwa siku tisa na ulizihesabu. Usilie juu ya kitambaa, kinaingia doa.

Alhamisi mwache akusindikize na mkoba wake. Wakikwambia maji yamekwisha, sema, "Mimi ni daktari, nimekuja kwa usaili," na ukae. Maji watayafuata au watabaki na kiu, koo ni zao. Wakikuuliza nani amekushonea, jibu unalijua. Wasipokuuliza usilazimishe, hukwenda pale kutangaza biashara. Na kile kipimo cha mtoto kipitie Jumatano, tafadhali.

Sikuahidi nafasi. Jopo ni lile lile, na watu wa namna ile hawabadiliki kwa mwaka mmoja. Wala sikuahidi kwamba bango litaandikwa tena. Inawezekana ukamaliza kusema yote hayo, mama yako akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye pindo lako, asikutazame usoni, na neno pekee utakalolipata likawa lile analomwambia kila mtu aliye juu ya kigoda: "Geuka."

Basi geuka, mwanangu, taratibu, mpaka amalize kulizunguka pindo.

Mama Mkubwa